Theluji si mali, mali ni mwongozaji

Wakati wa mvua pita asubuhi kwenye stendi za boda boda za Mbale au Kapchorwa. Utawakuta vijana wamevaa majaketi mazito ya rangi kali, yenye kofia pana, zipu inayofika kidevuni na mkanda wa kitambaa kwa ndani, usawa wa kiuno. Mkanda ule si urembo. Uliwekwa ili theluji isimwingie mvaaji mgongoni anapoanguka. Ni majaketi ya watu wanaoteleza kwenye theluji huko Ulaya, Marekani na Japani. Yamechakaa kidogo, yakafungwa kwenye marobota ya mitumba, yakatufikia. Wafanyabiashara wa Busia na Malaba huyauza kwa jina la jaketi la baridi, na ni nadra mteja kuuliza yalikuwa na kazi gani kabla ya kufika hapa. Mimi leo nauliza, kwa sababu jibu lake linatuhusu sisi tunaoishi chini ya mlima.

Wenye majaketi yale hufunga miguuni mbao mbili nyembamba na kuteremka nazo mlima. Wengi hufuata njia zilizoshindiliwa kwa mashine. Lakini wapo wanaolipa zaidi ili waondolewe kwenye njia hizo, wapelekwe mahali ambapo theluji imelala laini kama unga wa muhogo na hakuna aliyeikanyaga. Huko wenye busara hawaendi peke yao. Huenda na mwongozaji, mtu wa pale pale au aliyekaa pale miaka mingi, anayejua ni upande gani wa mlima umebeba theluji nzito juu ya tabaka legevu, kiasi kwamba unaweza kuporomoka mtu akiukanyaga tu. Mwongozaji hubeba koleo, fimbo ndefu ya kupima kina na chombo cha redio cha kumtafutia aliyefukiwa. Fedha ya mgeni hailipii theluji, maana theluji huanguka bure. Inalipia macho ya yule mtu.

Mfano unaojulikana sana ni Niseko, katika kisiwa cha Hokkaido, kaskazini mwa Japani. Ni nchi ya volkano kama yetu. Mlima wake maarufu, Yotei, una mita 1,898. Haufikii hata nusu ya Wagagai, kilele cha Elgon chenye mita 4,321. Pepo za baridi kutoka Siberia hupita juu ya bahari, huchota unyevu, na zikifika pale huumwaga kama theluji majira yote ya baridi. Watu walipopenya chini ya kamba na kwenda walikotaka, wengine walifukiwa na kufa. Wenyeji hawakuufunga mlima. Waliweka utaratibu unaoitwa Sheria za Niseko: anayetaka kutoka nje ya njia apitie kwenye malango maalumu, hali ikiwa mbaya malango yafungwe, anayepita chini ya kamba anyang'anywe tiketi. Kila asubuhi ya msimu, watu wanaoujua mlima hutazama upepo na theluji na kutangaza hali ilivyo.

Sisemi kwamba huko ni peponi. Wageni walipofurika, bei ya ardhi katika mji wa Kutchan, ulio chini ya mlima ule, ilipanda kwa kasi hadi ikatajwa miongoni mwa zilizopanda zaidi nchini Japani, na kwa mwenyeji wa kawaida kupata mahali pa kukaa kukawa mzigo. Tukichukua funzo la malango tuchukue na hili la ardhi pia.

Najua kuna msomaji anayesema: mwalimu, theluji ya Mjapani sisi itatusaidia nini? Ni kweli kwamba Elgon ni volkano iliyokwisha kuzima na haina barafu ya kudumu. Juu kuna umande unaoganda, mvua ya mawe, na mara chache theluji inayotoweka jua likitoka. Lakini habari ya kuteleza kwenye theluji ya volkano si ngeni Afrika Mashariki. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walifika kileleni mwa Kilimanjaro na kuteremka kwa mbao za kutelezea. Barafu moja ya kule juu inaitwa kwa jina la Furtwängler hadi leo. Mwaka ule wa 1912 barafu ya Kilimanjaro ilifunika takriban kilomita za mraba 12. Leo hazifiki 2, na UNESCO ilitahadharisha mwaka 2022 kwamba barafu za milima ya Afrika zilizo katika urithi wa dunia huenda zikatoweka ifikapo 2050.

Sasa tazama jambo la kushangaza. Barafu imepungua namna hiyo, lakini wageni wa Kilimanjaro wameongezeka hadi kufikia maelfu mengi kwa mwaka. Kilichobaki na kuwalisha watu wa Marangu na Moshi ni nini? Ni ujuzi. Ni mwongozaji anayejua mwendo wa pole pole na dalili za mtu aliyeanza kuzidiwa na uhaba wa hewa, na mpishi anayeivisha chakula mahali ambapo maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Yohani Kinyala Lauwo, Mchagga anayekumbukwa kuwa mwongozaji wa safari ya Hans Meyer ya mwaka 1889, amewekewa kumbukumbu langoni Marangu. Mlima ule ulikwisha kutambua nani aliwapeleka wageni.

Jinja tulipata funzo hilo hilo kwa njia ya maji. Nilianza kazi ya ualimu Jinja kabla ya kuhamia Mbale, na wakati ule maporomoko ya Bujagali yalikuwa bado yanaunguruma. Palikuwa na vijana waliojirusha kwenye maji yale wakikumbatia jerikeni la plastiki, ili mtalii awape shilingi mbili tatu. Ujuzi wa mto walikuwa nao, tena wa hali ya juu, lakini ulikuwa unauzwa kama kichekesho. Wakati huo huo biashara ya kuwashusha wageni mtoni kwa mashua za mpira, iliyoanza mwaka 1996, ilikuwa ikikua. Baadhi ya vijana wa vijiji vya ukingoni walifunzwa uokoaji na huduma ya kwanza, wakapewa usukani wa mashua, wakawa waongozaji wanaolipwa. Kisha likaja bwawa la umeme la Bujagali, lililozinduliwa mwaka 2012, na maporomoko yale yakazama. Mwaka 2019 bwawa la Isimba likameza sehemu nyingine ya mto. Aliyekuwa na jerikeni alipoteza pahali pa kujirusha. Aliyekuwa na ufundi aliteremka na mto hadi Itanda na kuendelea na kazi. Maporomoko yanaweza kuzama na barafu ikayeyuka, lakini ufundi ulioandikishwa na kulipwa humfuata mwenyewe.

Kiswahili chetu kina neno maporomoko, nalo linabeba mambo mengi: maporomoko ya maji ya Jinja, maporomoko ya theluji ya Niseko, na maporomoko ya udongo ya Bududa. Hapa naomba tutulie kidogo. Tarehe 1 Machi 2010 mlima uliteremka juu ya Nametsi na vijiji jirani, na mamia ya watu wakafa au hawakuonekana tena. Oktoba 2018 ikawa Bukalasi, zaidi ya watu 40. Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala iliingia Mbale mjini usiku na kuua. Novemba 2024 ikawa zamu ya Bulambuli. Niseko kuna watu wanaousoma mteremko kila asubuhi ili mtalii mmoja asife. Kwetu mteremko husomwa na watu wenye koleo, siku moja baada ya msiba.

Je, hatuna watu wa kuusoma? Tunao. Ni hao hao wanaopanda na kushuka kila wiki wakiwapeleka wageni na mizigo yao. Wao ndio wa kwanza kuuona ufa mpya kwenye njia, chemchemi iliyozuka pasipokuwa na maji, mti ulioanza kuinama. Kundi la waongozaji waliofunzwa, wenye daftari na simu na mtu maalumu wa kumpigia, lingekuwa faida kwa mtalii na kinga kwa mwananchi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwetu ukuta wenyewe umekuwa makaburi.

Lakini tunamtendeaje mtu huyu? Njia za kupanda Elgon upande wa Uganda zinajulikana: ile ya Sasa kutoka Budadiri, ile ya Sipi, na ile ya Piswa kutoka Kapkwata. Safari huchukua siku 4 au zaidi. Mgeni hukuta misitu ya mianzi inayotupa malewa, kisha nyasi ndefu na mimea mikubwa ya ajabu, kisha kasoko kubwa, mojawapo ya yale makubwa kabisa duniani ambayo hayajabomoka, lenye chemchemi za maji moto upande wa Suam. Mtu akitoka Ulaya kuja kuona hayo anafurahi kweli kweli. Sasa mwangalie anayembebea mkoba. Ana gambuti zilizotoboka, hana glavu, analala amejifunika blanketi moja. Mwanafunzi wangu wa zamani alibebeshwa mizigo ya watu wawili na kampuni moja ambayo sitaitaja, akarudi na homa, na malipo yake akayasubiri hadi mwezi wa pili. Alipodai aliambiwa vijana wa kubeba ni wengi. Hilo ndilo neno linaloua kazi yoyote, kwamba nyinyi ni wengi.

Tunapenda kusema mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni amekuja. Mwenyeji amepona?

Tusidanganyane pia kuhusu wenyeji wenyewe ni nani. Elgon ilifanywa hifadhi ya taifa upande wa Uganda mwaka 1993, nao Wabenet, watu waliokuwa wakiishi kwenye nyika za juu tangu enzi za mababu, walijikuta wameitwa wavamizi. Mwaka 2005 Mahakama Kuu hapa Mbale iliweka hukumu ya maafikiano iliyowatambua kuwa wakazi wa asili wa eneo lile. Karatasi hiyo ina miaka zaidi ya 20 na wengi wao bado hawana ardhi ya uhakika. Watu wanaoijua nyika ile kuliko ramani yoyote wanapaswa kuwa wa kwanza kwenye orodha ya waongozaji. Wakiwekwa wa mwisho, tutakuwa tumerudia kosa la Kutchan, tena kwetu likiwa baya zaidi, kwa kuwa hapa mtu hahamishwi na bei peke yake.

Sasa nigeukie kwetu sisi tuliorudi. Wazazi wangu walivuka mpaka katika miaka ya 1980 wakati bunduki zilipokuwa zikizungumza huku, nami nikasomea upande wa pili wa mlima huu huu, karibu na Kitale. Kule darasani mlima wetu ulikuwa Koitobos na pango la Kitum ambako tembo huingia gizani kulamba chumvi. Niliporudi nikakuta mlima ni Wagagai na Masaba, na wenzangu hawajui kwamba Koitobos ipo. Kule niliitwa Mganda na hapa nikaitwa Mkenya. Kiswahili changu kilitazamwa kwa jicho la pembeni, kwa sababu kwa miaka mingi hapa kilikuwa lugha ya askari na ya mtu anayekuamuru ulale chini. Wengi mnaosoma safu hii mnaijua hali hiyo, iwe mlirudi kutoka Kenya, Tanzania, Sudan au Kongo.

Nasema hivi: kile kilichotufanya tuonekane wageni kwenye nchi yetu ndicho mtaji wa kazi hii. Katiba yetu ilirekebishwa mwaka 2005 ili Kiswahili kiwe lugha ya pili rasmi, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Mwongozaji anayejua Kiswahili, Kiingereza na Lugisu au Kupsabiny anaweza kumchukua mgeni Budadiri na kumkabidhi Endebess bila kutafuta mkalimani. Tena mgeni si Mzungu peke yake. Vijana wa Nairobi, Eldoret na Arusha wamekuwa wapanda milima hodari, na wanataka kuelezwa mambo kwa lugha yao.

Nanyi wafanyabiashara wa mpakani, msidhani maneno haya hayawahusu. Mlima hauna posta ya forodha katikati yake, lakini biashara yake imekatwa vipande viwili. Mtalii tayari ana njia: tangu 2014 ipo visa ya pamoja ya Kenya, Uganda na Rwanda, ya dola 100 kwa siku 90. Barabara ya lami ya kilomita 73 kutoka Kapchorwa hadi Suam imejengwa. Na nyinyi wenyewe mmepata nafuu ya hati rahisi ya asili kwa bidhaa za Jumuiya zisizozidi dola 2,000, ili mama mwenye magunia mawili ya maharagwe asihitaji wakala. Kama gunia la maharagwe limepewa hati yake rahisi, kwa nini ujuzi wa kijana usipewe? Kupanda upande mmoja na kushuka upande wa pili kunawezekana, ila kwa mipango ya mapema na mamlaka za nchi zote mbili, mipango ambayo kampuni kubwa huimudu na kijana wa Kapkwata haimudu.

Kisha kuna yale majaketi. Robota moja la majaketi ya theluji, likichambuliwa vizuri, linaweza kuwavika waongozaji na wapagazi wa njia nzima. Mfanyabiashara anaweza kuyakodisha kwa wageni wanaofika Mbale wakiwa na sweta la shule tu wakidhani Afrika yote ni joto. Tunahitaji majaketi, glavu, mifuko ya kulalia na viatu vigumu, na vyote hivyo vinapita mikononi mwenu kila siku ya soko. Jambo hili halisubiri mfadhili. Linasubiri mtu mmoja mwenye kibanda aone kwamba jaketi lililoshonewa mlima linaweza kurudi mlimani.

Nini kifanyike? Kwanza, mizani iwekwe kwenye malango ya Elgon. Kilimanjaro mzigo wa mpagazi hautakiwi kuzidi kilo 20 na hupimwa langoni, na upo mradi wa kuwatetea wapagazi unaofuatilia kama wamelipwa. Hakuna sababu ya mgongo wa Mgisu au Msabiny kuwa na sheria tofauti na mgongo wa Mchagga. Pili, kima cha malipo kibandikwe pale langoni kwa Kiswahili na kwa lugha za wenyeji, na malipo yatolewe siku ya kushuka. Tatu, Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda na ile ya Kenya zitoe cheti kimoja cha mwongozaji kinachotambulika pande zote mbili, baada ya mafunzo ya huduma ya kwanza, uokoaji na usomaji wa mteremko. Nne, taarifa za waongozaji kuhusu nyufa na maji zifike kwa wakuu wa wilaya na kutangazwa redioni, na pale hali inapokuwa ya hatari njia ifungwe bila kumwonea haya mtalii aliyekwisha kulipa.

Fedha? Sheria inataka asilimia 20 ya ada za kuingia hifadhini irudi kwa serikali za mitaa zinazopakana na hifadhi. Madiwani wetu watueleze inarudi kiasi gani na inafanya nini. Baadhi yake ikinunua mizani na kulipia mafunzo ya vijana 20 kwa kila njia, hakuna mpiga kura atakayelalamika.

Wapo watakaosema nauza mlima wa mababu kwa wageni. Mlima unauzwa tayari, kwenye vitabu vya safari na kwenye ofisi za Kampala na Nairobi. Ninachokataa ni sisi kuwa punda katika biashara ambayo bidhaa yake ni akili zetu. Wajapani wa Niseko hawakuumba theluji, wala sisi hatukuumba Masaba. Tofauti ni kwamba wao walimpa mtu anayeujua mlima ufunguo wa lango, na neno lake likisema leo hakuna kupita, basi tajiri na maskini hawapiti.

Kiangazi cha Desemba ndicho kinachowaleta wapandaji wengi. Madiwani wa Sironko, Bulambuli, Kapchorwa na Kween wana vikao kabla ya hapo. Mzazi mwenye kijana anayebeba mizigo aende kwenye kikao hicho na swali moja tu: mizani iko wapi?